Jinsi ya kujua kampuni ya mtandao wa kijamii inakopa vipi, na nani anayelipa hilo deni

Wengi wetu tunauza nguo Instagram, tunatafuta wateja Facebook, tunabishana X kutwa nzima, ila ukimuuliza mtu hizi kampuni zinakula wapi anakwambia matangazo, halafu basi. Ukimuuliza zinakopa wapi ndo anakushangaa kabisa. Mi naona hili swali la pili ni muhimu kuliko la kwanza, maana siku riba ikiibana kampuni, anayepandishiwa bei, anayefungiwa huduma iliyokuwa ya bure na anayepunguziwa watu wa kumsaidia akaunti ikifungwa ni wewe mtumiaji. Kwahiyo ntaelekeza namna ya kuangalia mwenyewe, bila kusubiri mtu wa uchumi aje akutafsirie, na mfano mkubwa utakuwa Twitter, ambayo sasa ndo X, ilivyonunuliwa 2022 maana pale kila kitu kilikaa hadharani.

Anzia kwenye makaratasi ya kampuni

Kampuni yoyote iliyo kwenye soko la hisa la Marekani lazima ipeleke hesabu zake SEC, hiyo ni mamlaka ya kusimamia masoko ya mitaji kule, kama CMSA ya Tanzania au CMA ya Kenya. Ingia sec.gov, kuna sehemu ya kutafutia inaitwa EDGAR, ni bure na hawakuombi akaunti wala namba ya simu. Andika jina la kampuni, Meta Platforms (wenye Facebook, Instagram na WhatsApp), Snap, Pinterest, Reddit, utaona orodha ndefu ya makaratasi. Usiogope, unayohitaji ni machache. 10-K ni hesabu za mwaka mzima, 10-Q ni za kila robo mwaka, 8-K wanatoa kukitokea jambo kubwa kama kukopa au bosi kuondoka. S-1 ni ile wanayotoa kabla ya kuuza hisa kwa mara ya kwanza, na mara nyingi ndo yenye maelezo ya wazi kuliko zote maana hapo wanajieleza kwa watu wasiowajua.

10-K inaweza kuzidi kurasa mia, hakuna anayekulazimisha kuisoma yote. Fungua sehemu ya kutafuta neno ndani ya ukurasa, andika revenue uone mapato, andika interest expense uone riba waliyolipa, andika operating activities uone hela taslimu iliyoingia kutokana na kazi yenyewe, andika notes ukute madeni. Hizo sehemu nne zinatosha kukupa picha. TikTok hutaikuta huko kwasababu mwenye nayo, ByteDance, hayupo sokoni.

Mapato: angalia wewe una thamani gani kwao

Twitter mwaka 2021 iliingiza dola bilioni 5.08, na kati ya hizo bilioni 4.51 zilikuwa matangazo. Meta mwaka huohuo iliingiza bilioni 117.9, matangazo ni kama asilimia 97. Hapo hakuna siri, wote wanauza kitu kimoja, macho yetu. Ila ukiona kampuni ina mguu mmoja hivyo jiulize huo mguu ukiguswa inakuwaje. Apple ilivyobadilisha mfumo wa iPhone Aprili 2021, programu zikawa lazima ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtu, Meta ikasema Februari 2022 kwamba mwaka huo itapoteza kama bilioni 10 za mapato kwa hilo tu, na kesho yake hisa zake zikaporomoka kwa asilimia 26 kwa siku moja. Na Meta ni tajiri.

Kuna namba nyingine ambayo mimi huwa inaniuma kila nikiiangalia. Meta ilikuwa inaandika mtumiaji mmoja wa Facebook anawaingizia shilingi ngapi kwa robo mwaka, kwa kila sehemu ya dunia. Robo ya mwisho ya 2022 mtumiaji wa Marekani na Kanada alikuwa dola 58.77, Ulaya 17.29, Asia na Pasifiki 4.61, halafu kuna kundi la mwisho wanaliita dunia iliyobaki, ambalo ndo tumo sisi Afrika pamoja na Amerika ya Kusini na Mashariki ya Kati, dola 3.52. Yaani mtu mmoja wa Ohio kwao ni zaidi ya watu kumi na sita wa Mbeya. Ukiijua hiyo namba unaelewa kwanini hela ikipungua ofisi za kwetu ndo zinaguswa mapema, na kwanini ukiripoti akaunti ya tapeli anayetumia picha zako inakaa wiki. Twitter ilitangaza Aprili 2021 kwamba ofisi yake ya kwanza Afrika itakuwa Accra, Ghana, watu wakaajiriwa, na Novemba 2022 karibu wote wakaachishwa kazi, siku chache tu baada ya mwenye kampuni mpya kuingia.

Deni: uliza limeandikwa kwa jina la nani

Hapa ndo penyewe, twende taratibu.

Elon Musk alikubaliana na Twitter Aprili 2022 kuinunua kwa dola 54.20 kwa kila hisa, jumla kama bilioni 44. Wengi walichosikia ni kwamba tajiri katoa hela yake kanunua. Ukisoma karatasi aliyopeleka SEC mwezi huohuo wa Aprili unakuta mpango ulikuwa na mafungu matatu, bilioni 21 za mtaji wake, bilioni 12.5 za mkopo ambao dhamana yake ni hisa zake za Tesla, kampuni yake ya magari, na bilioni 13 za mkopo wa mabenki yakiongozwa na Morgan Stanley. Ule mkopo wa hisa za Tesla aliupunguza kwanza, halafu Mei akauondoa kabisa, akaongeza mtaji na kutafuta wenzake wa kuchangia, Larry Ellison bilioni 1, Sequoia milioni 800, Binance milioni 500, mfuko wa Qatar milioni 375 na wengine. Zile bilioni 13 hazikuondoka.

Sasa hizo bilioni 13 hazikuwa deni la Musk, zilikuwa deni la Twitter. Chukulia mtu ananunua duka la milioni 44, katika hizo milioni 13 amekopa benki, halafu mkataba wa mkopo unaandikwa kwa jina la duka, kwahiyo kuanzia siku anakabidhiwa funguo duka ndo linalolipa marejesho, kwa mauzo yaleyale liliyokuwa nayo jana. Duka lenyewe halikupata hata shilingi ya kuongezea mzigo, hela imeenda kwa mwenye duka wa zamani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, hela zilienda kwa wanahisa wa zamani na deni likabaki kwenye kampuni. Ni halali kabisa, hii njia ya kununua kampuni ipo miaka mingi, ila kawaida inafanywa kwa kampuni yenye hela za uhakika kila mwezi, na Twitter haikuwa hivyo. Tangu iingie sokoni 2013 miaka yenye faida ilikuwa 2018 na 2019 tu, na hata hiyo ilibebwa sana na nafuu za kodi.

Kwahiyo ukisoma habari kwamba kampuni fulani inanunuliwa, kabla hujaangalia bei tafuta mambo haya: mkopo ni kiasi gani, kwa jina la nani, dhamana ni nini, riba imefungwa au inacheza. Utayakuta kwenye karatasi za ununuzi, sio kwenye vichwa vya habari.

Piga hesabu mwenyewe, inachukua dakika kumi

Chukua kalamu. Twitter ya 2021, kabla ya kununuliwa, riba iliyolipa mwaka mzima ilikuwa kama milioni 50 hivi. Baada ya deni jipya makadirio ya watu wengi yalikuwa kama bilioni 1.2 kwa mwaka, na Musk mwenyewe akazungumzia bilioni 1.5. Tuchukue hiyo ndogo, 1.2.

Gawa kwa mapato ya 5.08. Inakuja karibu senti 24. Yaani katika kila dola iliyoingia, senti 24 zinaenda kwenye riba kabla hujalipa mshahara wa mtu mmoja wala umeme wa seva moja, na hapo bado hujarudisha hata dola moja ya deni lenyewe.

Usiishie kwenye mapato, mapato yanadanganya. Nenda kwenye hela taslimu kutoka kwenye shughuli zenyewe, ile operating activities. 2021 Twitter ilikuwa na milioni 633, nusu tu ya riba mpya. Hapa lazima tuwe waungwana kidogo, mwaka ule walikubali kulipa milioni 809.5 kumaliza kesi ya wanahisa, kitu ambacho hakitokei kila mwaka. Ukirudishia hiyo unapata kama bilioni 1.4. Haya, toa riba 1.2, zimebaki milioni 200, halafu angalia matumizi ya seva na majengo ya mwaka huo, kama bilioni 1. Hesabu haifungi hata ukiipendelea kampuni, na hiyo ni kwa mapato yaleyale bila tangazo hata moja kuondoka.

Na matangazo yaliondoka. Julai 2023 Musk mwenyewe aliandika kwamba mapato ya matangazo yameshuka kwa kama nusu na kwamba mzigo wa madeni ni mkubwa, hela inayotoka bado inazidi inayoingia. Tuseme mapato yakawa bilioni 3 badala ya 5, zile senti 24 zinakuwa 40. Sasa rudi nyuma uangalie yaliyotokea ukiwa na hiyo hesabu mkononi, kampuni ilikuwa na wafanyakazi kama 7,500 na tarehe 4 Novemba 2022 karibu nusu wakaondolewa, tiki ya bluu ikawa ya kulipia dola 8 kwa mwezi, Februari 2023 wakatangaza kwamba watengeneza programu waliokuwa wanachota data bure sasa walipie. Watu walibishana sana kama ni siasa au ni tabia ya mtu. Inawezekana vilikuwemo, ila riba peke yake ilitosha kulazimisha mengi ya hayo.

Riba inayocheza

Kitu kimoja ambacho hata waliosoma wanakipita. Sehemu kubwa ya mkopo ule, kama bilioni 6.5, ilikuwa na riba inayopanda na kushuka kufuata soko. Mabenki yalikubali kutoa hela Aprili 2022, wakati benki kuu ya Marekani ndo kwanza imeanza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri. Julai Musk akataka kujitoa, Twitter ikamshtaki mahakama ya Delaware, Oktoba akarudi akakubali, tarehe 27 Oktoba 2022 biashara ikafungwa. Katika hiyo miezi ya kuvutana riba ya benki kuu ilishafika asilimia 3 na kitu, na Julai 2023 ikafika kati ya 5.25 na 5.50. Mkataba ni uleule, ila gharama imebadilika.

Na mabenki nayo yalinasa. Kawaida benki ikitoa mkopo wa namna hii haikai nao, inauuza haraka kwa wawekezaji, inachukua ada yake inaendelea na mambo mengine. Huu haukuuzika, soko lilikuwa limeshageuka na kampuni yenyewe inatisha, kwahiyo benki saba zikakaa nao zaidi ya miaka miwili. Mwanzoni mwa 2025 ndo wakaanza kuuza kwa bei ya maana, fungu la bilioni 5.5 likaenda kwa senti 97 kwa kila dola. Hii nayo ni dalili unayoweza kuitumia: ukitaka kujua watu wenye hela wanaionaje kampuni, angalia deni lake linauzwa senti ngapi kwa dola. Mwenye hisa anaweza kuishi kwa matumaini, aliyekopesha anataka hela yake tu.

Kukopa sio dhambi, ila angalia kinachokopewa

Nisije nikaeleweka kwamba kila deni ni baya. Meta ilikuwa haijawahi kuuza hati fungani, yaani karatasi za kukopa hela kwa wawekezaji, mpaka Agosti 2022, ikauza za bilioni 10, na mwaka huo faida yake ilikuwa bilioni 23.2. Mtu mwenye faida ya 23 akikopa 10 kwa muda mrefu hapo hakuna cha kukosesha usingizi. Oktoba 2025 ikauza za bilioni 30 kwa mpigo, na hapo ndo nikaanza kuangalia kwa makini zaidi, maana hela zinaenda kwenye vituo vya data vya akili bandia ambavyo faida yake bado haijaonekana kama ya matangazo.

Na kuna deni lisiloandikwa kama deni. Mwezi huohuo Meta ilitangaza mpango na kampuni ya uwekezaji Blue Owl Capital wa kujenga kituo kikubwa cha data huko Louisiana kinaitwa Hyperion, thamani kama bilioni 27, Blue Owl inashika asilimia 80 na Meta 20, halafu Meta inakaa humo kama mpangaji. Kwa hiyo mkopo wa ujenzi haukai kwenye vitabu vya Meta kama deni lake, ila kodi ya pango inalipa. Kwenye 10-K ukitaka kuyaona mambo ya namna hii tafuta maneno leases na commitments, soma ile sehemu ya maelezo mwishoni yenye herufi ndogondogo. Watu wengi wanaishia kwenye jedwali la kwanza, wakati haya yamekaa kule nyuma.

Kampuni ikitoka sokoni

Twitter ilitolewa soko la hisa la New York Novemba 2022, na toka hapo hakuna 10-K. Hapo unabaki na vitu vya kuokoteza: mfuko uliochangia hela ukipunguza thamani ya fungu lake, bei ya deni kama nilivyosema, kesi za wenye majengo na wadai wengine mahakamani, na kauli za mwenye kampuni mwenyewe. Hizi za mwisho zipokee kwa tahadhari. Machi 2025 Musk alitangaza kampuni yake ya akili bandia, xAI, imeinunua X kwa hisa, akasema X ina thamani ya bilioni 45, toa deni bilioni 12, inabaki 33. Anayeuza ni yeye, anayenunua ni yeye. Hiyo ni bei waliyokubaliana ndani ya nyumba moja, usiichukue kama bei ya soko.

Sasa wewe unayeuza humo ufanye nini

Kwanza namba za wateja. Kila anayenunua muombe namba, andika kwenye daftari au faili lako mwenyewe, jina, alichonunua, tarehe. Na usijidanganye kwamba ukiwahamisha kutoka Instagram kwenda WhatsApp umeshajilinda, mwenye nazo ni mmoja, ni Meta. Namba iwe kwako, ya kupiga na kutuma meseji ya kawaida. Pia ingia kwenye mipangilio ya akaunti uombe nakala ya data yako, picha na posti zote, Facebook, Instagram na X zote zinaruhusu.

Pili, jua kwamba ukitangaza Facebook kwa malipo ya kukatwa yenyewe, na wewe umekopa. Wanatangaza kwanza, matumizi yakifika kiwango fulani au tarehe ya mwezi ikifika ndo wanakata kwenye kadi. Kadi ikiwa tupu matangazo yanasimama na deni linabaki kwenye akaunti. Kwahiyo kabla hujaanza weka ukomo wa matumizi ya akaunti nzima, ipo kwenye sehemu ya malipo, sio ile bajeti ya tangazo moja tu, na kumbuka bei inaweza kuongezeka kwa kodi na kwa dola kupanda.

Tatu, hii mikopo ya simu ya siku saba au kumi na nne. Naona watu wanaichukua ili wabusti posti na inanisikitisha sana, wengine wanaishia kwenye kausha damu kulipa ile ya kwanza. Fanya hesabu ileile tuliyoifanyia Twitter. Usiangalie mauzo, angalia hela taslimu na tarehe zake. Tangazo linaanza leo, mteja anauliza bei kesho, anaamua wiki ijayo, anataka alipe mzigo ukifika, mzigo wa mkoani unakaa siku tatu kwenye basi. Andika hizo tarehe kwenye karatasi pembeni ya tarehe ya marejesho. Kama hela ya mteja inafika baada ya tarehe ya marejesho, usichukue huo mkopo hata kama faida kwenye karatasi inaonekana nzuri, tumia akiba kidogo uliyonayo ubusti posti moja iliyoshafanya vizuri yenyewe, kwa siku chache, mkoa mmoja ambao mzigo unafika ndani ya siku moja na mteja analipa papohapo.